Siku Honorata Alipoulaza Mnafu

Haya ninayoyaandika hapa hakuna atakayeyasadiki. Nimeyasimulia harusini, nimeyasimulia msibani, nimeyasimulia kwenye foleni ya ubalozi pale mjini, na kote huko watu wameniambia, "Eliudi, nenda kalale." Safari hii nimeamua kuyaweka kwenye karatasi, kwa kuwa karatasi haina kichwa cha kutikisa. Elimu yangu ni darasa la sita. La saba nililichungulia dirishani tu. Lakini kwa habari ya kilimo, huku Marekani, Maryland yote hii, sijaona wa kunifikia, na wewe unayesoma kama unabisha, lete jembe lako.

Habari yenyewe ni ya Honorata. Siyo yangu, ingawa utaona kwamba bila mimi isingetokea.

Honorata ni mjane wa rafiki yangu Isack, kwa hiyo mimi kwake ni shemeji na yeye kwangu ni shemeji. Tena yeye ni Mchaga wa Kibosho na mimi ni Mpare wa Usangi, kwa hiyo utani tunao wa pande mbili, na hakuna siku tunayouacha ulale njaa. Yeye ananiita mpenda kesi. Mimi namwita matroni, maana ndiyo kazi aliyoifanya miaka kumi na moja kwenye shule ya bweni ya wasichana kule Moshi, kabla ya kumfuata mumewe huku. Umatroni haujamtoka mpaka leo. Ukifika kwake anakukagua kucha kabla ya kukupa mkono. Akitandika kitanda, pembe za shuka anazikunja kama za bahasha, na ukijisahau ukakikalia, anakutazama mpaka unainuka mwenyewe na kuomba radhi kwa kitanda.

Huku kazi yake ni kumtunza Mzee Wayne, Mmarekani wa miaka themanini na minane, katika nyumba ya matofali pale Oxon Hill yenye uwanja mpana nyuma. Mzee huyu alipigwa na kiharusi kikamwachia maneno kama kumi hivi, na manne kati ya hayo siwezi kuyaandika mahali ambapo watoto watasoma. Honorata anaishi naye humo humo kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili anaingia Jerotich, muuguzi wa kutoka Eldoret, ili Honorata aende kanisani.

Sasa sikiliza lililokuwa likimnyima usingizi. Binti yake, Vaileth, mtoto wa pekee, alikuwa na mimba ya kwanza, na daktari alisema mtoto atakuja mwanzoni mwa Juni. Kwao Kibosho mzazi hulishwa mnafu. Mnafu ni ile mboga ya majani meusimeusi, michungu kidogo, ambayo Wakenya wanaiita managu. Unapikwa, unatiwa maziwa, mzazi anaumaliza, anaongezwa. Honorata mwenyewe alipojifungua Vaileth alilishwa mnafu na mama yake, uliochumwa nyuma ya jiko, kwenye kihamba chao, yaani shamba la ukoo. Na huyo mama, miezi michache kabla hajafariki, alimpa mtawa mmoja aliyekuwa anakuja huku kijikaratasi kilichochanwa kwenye daftari la shule, na ndani yake mbegu zisizozidi kijiko kimoja cha chai.

Nusu ya zile mbegu Honorata alizipanda kwenye kasha mwaka uliotangulia, zikaungua na joto la Julai. Ikabaki nusu. Na usidhani angeweza kuandika barua aletewe nyingine. Mama alishazikwa, kihamba kilishagawanywa, na aliyepewa upande ule alishajenga vyumba vya kupangisha juu ya mnafu wote. Nusu kijiko ile ndiyo ilikuwa imebaki duniani.

Vaileth hakulielewa jambo hili. Alikuja huku na miaka minane. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukisema ndipo ulimi unapomgomea, akajibu Kiingereza. Siku moja alijitahidi.

"Mama, supamaketi kuna spinachi. Iko kwenye mfuko. Imeoshwa kabisa."

"Imeoshwa na nani?" akauliza Honorata.

Vaileth akaangalia kwangu nimsaidie. Nikatazama dari.

Basi, Februari Honorata alizimwaga mbegu zote, hakubakiza hata moja, kwa kuwa alisema mbegu ikikaa miaka mitatu inasahau kazi yake. Alizipanda kwenye vikopo vya mtindi, akavipanga kwenye dirisha la chumba cha Mzee Wayne, lile linalopata jua, juu ya kipasha joto. Ikaota miche arobaini na mmoja. Kila asubuhi aliihesabu kwa sauti kama anaita majina bwenini. Mzee Wayne akaacha televisheni akawa anatazama miche. Wakati mwingine nikipita nilimkuta amelala na kidole kimoja ndani ya kikopo.

Ikafika Jumamosi ya kuamkia Pasaka, mwaka tisini na saba. Ijumaa Kuu ilipiga mvua ya radi, mvua ya kweli, siyo ule unyunyu wa huku unaolowesha miwani tu. Asubuhi likatoka jua la kuvulia sweta. Mimi nilikuwa nimepeleka gunia la samadi ya farasi, maana miche ilishaanza kurefuka shingo kwa kutafuta mwanga, na matuta tulishayachimba uani wiki iliyopita. Tulikuwa tumesimama, Honorata na kikombe cha chai, mimi na maneno, nikaona kisiki cha zamani kilichoko karibu na uzio kinatoa moshi.

Kusogea, siyo moshi. Kumbikumbi!

Kumbikumbi wa Oxon Hill, nakwambia, wanachomoza kwenye ufa wa kisiki, mmoja, kumi, elfu, mabawa yanameta. Wembamba, nakubali, tena weusi, kama waliofunga Kwaresima bila kufuturu, lakini kumbikumbi. Jirani, mama mmoja Mmarekani, alichungulia juu ya uzio, akashika mashavu, akakimbilia ndani kuwapigia simu watu wa dawa, kwa sababu mdudu huyu huku wanamjua kwa kutafuna nyumba tu. Honorata yeye aliweka kikombe chini kwenye nyasi. Akachuchumaa. Akatandaza aproni yake ya kazini, ile yenye picha za vidubu, akawakinga kama msichana wa miaka tisa.

"Shemeji," alisema polepole, "unaona ninachokiona?"

"Naona masika."

"Huku hakuna masika."

"Waambie hao." Nikamwonyesha kisiki. "Hao nani amewatuma? Kalenda?"

Nilichukua mmoja nikamtia mdomoni. Hakuwa na mafuta kabisa, lakini sikusema.

Ni lazima uelewe. Kwetu Usangi, na kwao Kibosho vilevile, kumbikumbi wakiruka baada ya mvua ya Machi hakuna mtu anayeuliza swali lingine. Mvua imeshika, udongo umeiva, unatoa mbegu siku hiyo hiyo. Hata mimi niliyekaa huku miaka kumi na miwili, damu ilinichemka nikatafuta jembe kwa macho.

"Jerotich kasema tusubiri Siku ya Mama," Honorata akasema, ila macho hayakutoka kwa kumbikumbi. "Katikati ya Mei. Anasema wenyeji wote wanasubiri."

"Jerotich anajua sindano. Ukipanda katikati ya Mei, Vaileth ajifungue mwanzo wa Juni, utampelekea nini, mashina?"

Hapo nilimshika. Najua nilimshika, kwa sababu alianza kuhesabu siku kwenye vidole.

"Na nikiitoa yote ikafa?"

"Ikifa nishtaki."

"Kumshtaki Mpare ni kumfanyia sherehe," akasema, akasimama, akakung'uta aproni. "Haya. Leta vikopo."

Tulipanda mpaka saa nane mchana. Matuta manne, miche arobaini na mmoja. Mzee Wayne alikuwa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu, akitikisa kichwa muda wote na kurudia moja ya yale maneno yake kumi, yaani "hapana", "hapana", "hapana". Honorata alimpelekea supu. Akaikataa. Tukasema leo mzee hana hamu ya chakula.

Kesho yake, Pasaka yenyewe, nikapita baada ya ibada kuitazama kazi ya mikono yangu. Jerotich alikuwa zamu. Alinipokea mlangoni, mikono kiunoni.

"Ni wewe umemwambia Mama Vaileth atoe hizi managu nje?"

"Ni mimi. Zimependeza, ama?"

"Woiye! Eliudi, uko na akili kweli? Aprili haijaingia!"

"Kumbikumbi walitoka."

"Kumbikumbi wa huku hawajui mambo yenu ya Tanzania. Hao wakiskia joto kidogo wanatoka tu, kesho wanarudi kulala." Akanisogelea, sauti ikashuka. "Sikiza. Hizo mbegu huyo mama hana zingine. Ameniambia. Zikikufa, si wewe utalia, ni yeye. Unajua hivyo?"

Nikamwambia mkulima anasoma ardhi, hasomi kalenda. Nilimwambia kwa sauti ya mtu anayejua. Lakini nilipotoka niliyatazama mawingu, na tangu hapo sikuacha kuyatazama.

Jumanne nilikuwa barabarani na gari langu la kazi, nawarudisha makwao wagonjwa wa figo wanaokwenda kusafishwa damu. Saa sita mchana redio ikasema upepo umegeuka, unatoka kaskazini, na usiku huo itashuka mpaka digrii ishirini na tisa. Kwetu ishirini na tisa ni jasho. Za huku, za Farenhaiti, ishirini na tisa ni maji kuwa jiwe.

Nitasema ukweli mmoja katika maandishi haya, uuweke vizuri maana hutapata mwingine. Niliogopa. Nilishusha mgonjwa wa mwisho saa nane, na kutoka pale mpaka kwa Mzee Wayne ni dakika kumi, lakini nilitumia saa nzima na nusu. Nikaenda kujaza upepo kwenye matairi yaliyokuwa yamejaa. Nikanunua kahawa nisiyoitaka. Kila nilipojiuliza nitaingiaje mlangoni, nilimwona yule mama wa Kibosho akifunga zile mbegu kwenye karatasi ya daftari.

Nilipoingia, nilimkuta Honorata chumbani, amemshika Mzee Wayne mabega, uso umemjaa hofu. Mzee alikuwa anagonga kioo cha dirisha kwa fimbo yake. Halafu anavuta blanketi kutoka magotini, analipandisha mpaka juu ya kichwa, anajifunika gubigubi, anatulia kimya. Kisha anajifunua, anagonga kioo tena.

"Bora umekuja, shemeji," Honorata alisema. "Mzee ananiaga."

"Anakuaga anakwenda wapi?"

"Mtu akijifunika hivyo anakwenda wapi? Tangu saa saba yuko hivi. Nimempima presha, iko sawa. Nimempima homa, hana. Nimempigia simu binti yake, hapokei."

Mzee Wayne akajifunua, akatamka neno mojawapo katika yale manne. Akanyoosha fimbo ukutani. Pale ukutani ilikuwepo picha ambayo Honorata ameifuta vumbi miaka mitatu bila kuiangalia: Mzee Wayne mwenyewe katika ujana wake, kofia ya majani kichwani, amesimama shambani. Watu wa kwao, huko kusini mwa Maryland, walikuwa wakulima wa tumbaku. Na nyuma yake kwenye picha kulikuwa na matuta marefu ya miche, yamefunikwa kitambaa cheupe kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama vitanda vya hospitali.

Honorata aliitazama picha. Akatazama nje, ambako matawi yalishaanza kupinda kwa upepo. Akamtazama mzee, aliyekuwa amejifunika tena.

"Funika," akasema. "Shemeji, hafi! Anasema tuifunike miche!"

Uso wa mzee ukachomoza kwenye blanketi. "Ndiyo," akasema kwa Kiingereza chake, na hilo ni neno ambalo mimi sikuwahi kumsikia nalo.

"Na wewe ulikuwa wapi tangu mchana?" Honorata akanigeukia. "Gari lako halina redio?"

"Nilikuwa natafuta namna ya—"

"Utaniambia kesho. Fungua lile kabati."

Shuka za kawaida alizikataa. Alisema shuka ikilowa ikaganda inakuwa ubao, itaiponda miche. Kabatini kulikuwa na pakiti tatu za zile pedi kubwa za bluu wanazotandika chini ya mgonjwa asiyeweza kujimudu, upande mmoja pamba, upande mwingine plastiki. Binti wa mzee alikosea saizi alipoziagiza, zikakaa bure mwaka mzima. Honorata akazishusha zote. Akanirushia mafungu ya henga za waya, zile za kutundikia nguo, zilizotoka kwa dobi.

"Kunja hizo ziwe matao. Usivunje."

Nilivunja mbili. Tulizichomeka matao kwenye matuta, moja baada ya nyingine, na juu ya kila tao akatandaza pedi, pamba chini, plastiki juu. Mimi nilitaka kutupia tu nikimbilie ndani, mikono ilishakufa ganzi. Akanirudisha.

"Mgonjwa haguswi na plastiki, shemeji. Inua. Pamba ndiyo ielekee kwake. Sasa pembe."

"Pembe gani tena? Ni mboga hii!"

"Pembe!"

Akapiga magoti kwenye tope, akaikunja ile pembe ya pedi kama bahasha, akaikandamiza kwa udongo. Kisha nyingine. Alikwenda hivyo tuta zima. Dirishani Mzee Wayne alikuwa anaongoza kwa fimbo: akigonga mara moja, tumekosea; akigonga mara mbili, tuendelee. Mimi niligongewa mara moja moja nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Halafu Honorata akachemsha maji, akayajaza kwenye madumu ya plastiki yaliyoishiwa maziwa, akayavisha soksi za mzee, tukayalaza katikati ya matuta kama watu wanaoota moto.

Saa kumi na moja jioni vikaanza kudondoka vipande vyeupe, vyembamba, vya kuchoma uso. Na pedi zikaisha. Lilibaki nusu tuta, miche saba, iko wazi inatetemeka.

Mzee Wayne aliona. Alilivuta blanketi lake kutoka magotini, akalikunja kunja, akawa analisukuma kwenye kioo kana kwamba litapenya.

"Weka!" Honorata alimfokea kwa Kiswahili kupitia dirishani. "Wewe ndiye mgonjwa wangu wa kwanza. Hilo halitoki hapo!" Mzee akalirudisha magotini, Kiswahili cha kufokewa alishakizoea. Kisha Honorata akageuka, akanitazama kuanzia shingoni mpaka magotini.

"Shemeji, vua koti."

Koti lile lilikuwa la sufu, rangi ya majivu, bitana ya hariri, na katika Wapare wote wa Washington na vitongoji vyake hakuna aliyekuwa na mfano wake. Nililivua bila kusubiri kuambiwa mara ya pili. Mara ya tatu ndiyo nililivua. Akalitandaza juu ya ile miche saba, akalikunja pembe, kola ikaelekea kaskazini.

Akasimama kati ya matuta, magoti yote tope, theluji inamdondokea kwenye kilemba. Nilidhani atasali. Akapiga makofi mawili, kama alivyokuwa akiwapigia wasichana wake.

"Taa zimezimwa," akaiambia miche. "Sitaki kusikia mtu."

Asubuhi nilifika saa kumi na mbili na nusu. Uwanja wote ulikuwa mweupe, nyasi zinavunjika chini ya viatu. Honorata alikuwa amesimama kwenye ngazi za nyuma, amevaa makoti mawili ya mzee, chupa ya chai mkononi, na kwenye theluji hapakuwa na unyayo hata mmoja.

"Hujaenda kuangalia?"

"Nakungoja wewe. Kama imekufa, nataka uwe umesimama hapa hapa unaniona."

Tukashuka. Pedi ya kwanza ilikuwa imekakamaa kama bati. Aliishika kwa ncha za vidole akaifunua taratibu, hivi unavyomfunua mtu uliyemwacha na homa. Ndani palikuwa na unyevunyevu, na ule mnafu umeinama kidogo, umekunja majani, lakini kijani. Kijani kabisa.

"Mmoja," akasema Honorata.

Akaenda kwenye wa pili. "Wawili." Sauti yake ilikuwa ya bwenini, ile ya kuita majina. Palipokuwa na mweusi, aliyelegea kama uzi, hakusema kitu, aliruka akaenda kwa anayefuata. Dirishani mzee alikuwa anagonga mara mbili kwa kila mmoja aliyeitika. Tulipofika kwenye koti langu, kati ya saba tukakuta wanne.

"Watatu limewalalia," akasema. "Koti lako zito kama maneno yako." Akanyoosha mgongo. "Thelathini. Thelathini, shemeji."

Nikadhani sasa atanikumbatia, au angalau atanisamehe. Akaniambia nikachemshe maji, kwa sababu redio imesema leo tena.

Na ikawa hivyo mpaka Mei. Aprili ile haikujua inataka nini: Jumatatu jua, Jumatano baridi, Ijumaa mvua ya mawe. Ikitangazwa baridi Honorata alitandika. Likitoka jua alifunua, akazianika pedi kwenye uzio, safu ndefu ya bluu. Yule jirani alimuuliza binti wa mzee kwenye simu kama baba yake amehamishiwa uani. Jerotich naye, Jumapili zake, alikuwa anatandika vizuri kuliko mimi, akilalamika tangu pedi ya kwanza mpaka ya mwisho: "Mimi nimesomea watu. Sikusomea mboga." Lakini nilimwona kwa macho yangu akiinama kuisemesha. Mnafu uliopona ukashika mizizi, ukanenepa, ukatoa matawi. Mitano Honorata hakuikata hata jani, aliifunga utepe mwekundu ili izae mbegu, na kila mtu akajua kwamba atakayeigusa atakaguliwa kucha mpaka afe.

Vaileth alijifungua salama tarehe tano Juni, mtoto wa kike. Siku ya nne nilimpeleka Honorata na mnafu wake kwao Annandale, ng'ambo ya mto. Niliendesha polepole darajani, kwa sababu sufuria ilikuwa katikati ya miguu ya Honorata, imefungwa taulo, na kila gari likiyumba alinitazama kama ninayemwangusha mjukuu. Vaileth alikuwa kitandani, macho yamechoka. Mama yake akampakulia, maziwa juu, akamkabidhi sahani, akamchukua mtoto akamlaza begani. Vaileth alionja, akakunja uso.

"Mama, ni chungu."

"Kula."

Akala kijiko cha pili. Cha tatu akakila polepole, kama anayetafuta kitu alichokidondosha zamani. Nilisikia kijiko tu kinakwangua sahani. Kisha akainyoosha ile sahani kwa mama yake, na Kiingereza chote kikawa kimemtoka.

"Ongeza, Mama."

Honorata aligeuka upande wa dirisha, akaanza kunyoosha pazia ambalo halikuwa na kasoro yoyote. Alilinyoosha muda mrefu. Mimi ndiye niliyepakua. Sahani ya pili ikaisha, ya tatu ikaisha, ikaja ya tano, ikaja ya saba, na yule mtoto, mwenye siku nne tu duniani, akaacha kulia, akainua shingo kutoka kwenye bega la bibi yake, akaitazama sufuria sawasawa, akafungua kinywa, akase—

"Shemeji," anasema Honorata, kumbe amesimama nyuma ya kiti changu, mwiko mkononi, anasoma haya ninayoandika. "Akasema nini?"